Nyumba yetu ya ufuoni yala kuliko iletavyo

BARUA

Mshauri, assalamu alaykum.

Mimi ni mjane wa miaka 61, nesi mstaafu, nakaa Mombasa kisiwani. Bwana wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mfanyakazi wa bandari. Katika miaka ya tisini alinunua kiwanja ng'ambo ya feri, kusini huko, mstari wa pili kutoka baharini, watu wakimcheka kwamba ananunua mchanga. Tukajenga kidogo kidogo kwa matofali ya matumbawe, tukaezeka makuti: vyumba viwili vya kulala, jiko, vyoo viwili na baraza pana. Nami nilitia humo pesa zangu za chama cha akiba. Hatukuandikiana popote, nani huandikiana na mumewe?

Kwa miaka mingi ilikuwa nyumba yetu ya mapumziko tu. Idd tuko huko, shule zikifungwa Desemba tuko huko. Mzee alipostaafu ndipo akaanza kuikodisha kwa wageni, na treni ya SGR ilipoanza mwaka 2017 wageni wa Nairobi wakazidi. Kijana wangu akasema bila bwawa la kuogelea hatutapata mtu, tukachimba bwawa dogo. Kisha mzee akatutoka. Huu ni mwaka wa tatu.

Anayeisimamia sasa ni shemeji yangu, ndugu mdogo wa marehemu. Anakaa chumba cha uani, hupokea wageni na kuwapangia kazi mlinzi wa usiku na mama wa usafi. Mshahara hatumlipi, ana chumba, na kitu kidogo tukijaaliwa. Wageni wengi huja kupitia mtandao wa kukodishia nyumba, nao hukata asilimia 15 kabla ya kunitumia changu. Wanaopita wenyewe hulipa kwa simu ya shemeji, naye hunitumia akishaondoa matumizi.

Juzi Jumamosi, wageni wako barazani wanakunywa chai, wakaingia maafisa wa kaunti kuuliza leseni ya biashara. Hatuna. Wakaondoka, lakini langoni walibandika karatasi: kodi ya ardhi Sh9,000 kwa mwaka, malimbikizo na riba, jumla Sh68,000, kwa jina la marehemu. Wageni wakasimama kuisoma. Niliposimuliwa nilitamani ardhi inimeze. Mimi nilijua tunalipa, kwa sababu kijana wangu hulipa kodi ya kiwanja kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, kila mwaka na risiti ninazo.

Jirani mwenye nyumba kama yangu akaniambia huo ni mwanzo tu. Kuna ushuru wa utalii asilimia 2, kuna leseni ya TRA, mamlaka ya kusimamia utalii, kuna leseni ya kaunti ambayo yeye alitozwa Sh15,000, kuna watoza kodi wa KRA, kuna pensheni ya NSSF ya wafanyakazi. Shemeji naye ananikataza nisijisajili popote. "Ukiingia kwenye vitabu vyao hutoki, VAT peke yake itakula asilimia 16," asema. Tena asema nyumba nyingi za hapo hazijasajiliwa na hakuna aliyefungwa.

Hesabu nilizonazo ni hizi. Tunatoza Sh7,000 kwa usiku, na kwa mwaka tunapata usiku kama 90. Mlinzi ni Sh18,000 kwa mwezi na mama wa usafi Sh14,000. Tokeni za stima Sh8,000 kila mwezi, hazipandi hazishuki. Maji ya boza Sh5,000, maana kisima chetu kina chumvi. Dawa za bwawa na intaneti Sh6,000. Juu ya hayo kuna vitasa na bawaba zinazoliwa na kutu, magodoro, rangi, friji iliyotoboka mgongo. Si chini ya Sh50,000 kwa mwaka. Makuti nayo yamechoka. Ukisimama ukumbini saa sita mchana unaona vitobo vya jua, na fundi ametaka Sh300,000 kuezeka upya. Binti yangu mkubwa aliye Doha hunitumia Sh15,000 kila mwezi za kujazia. Anafanya kazi hotelini kwa zamu, si kwamba anazo.

Kijana anataka tuuze tununue bedsita, vyumba vya kupangisha, Nairobi, amekwisha leta na dalali. Binti wa Doha akisikia neno kuuza analia kwenye simu: "Mama, hapo ndipo alipo baba." Binti mdogo hasemi kitu. Na sasa wako mume na mke, walimu wote wawili, wanataka kuipanga miaka miwili kwa Sh35,000 kwa mwezi, na jibu wanalitaka mwisho wa mwezi. Nikiwapa, Idd tutakwenda wapi?

Je, nijisajili nilipe hayo yote? Au ndiyo kodi zinanifukuza kwenye nyumba ya mume wangu? Usiku silali.

Mjane wa Ng'ambo ya Feri

JIBU

Dada yangu, wa alaykumu salaam, na pole kwa msiba. Miaka mitatu bado ni karibu, hasa pale barua ya deni inapokuja kwa jina la mtu uliyemzika.

Nikikuelewa vyema, una nyumba uliyoijenga na mumeo kwa ajili ya kupumzika, ikageuka biashara bila mtu kukaa chini kusema sasa ni biashara. Haijilishi. Binti ndiye anayeilisha. Sasa kaunti imebisha hodi mbele ya wageni, na kila mtu katika jamaa ana jibu lake isipokuwa wewe. Umeniuliza kuhusu kodi. Nitaanza nazo, kwa kuwa ndizo zilizokukosesha usingizi, ingawa sidhani kama ndizo zenye uzito mkubwa katika barua yako.

Hiyo karatasi ya langoni kwanza. Nadhani hukudhulumiwa, na kijana wako hakukosea. Kiwanja cha aina yako kinaweza kuwa na kodi mbili zinazofanana jina kwa watu wengi. Kama hati yenu ni ya kupangishwa na serikali kwa miaka kadhaa, 99 kwa mfano, kuna kodi ya mwaka inayokwenda serikali kuu, na hiyo ndiyo hulipwa kwa eCitizen. Ya pili ni ya kaunti, ambayo Katiba ya 2010 iliipa kaunti kuwa chanzo chao cha mapato. Risiti zako ni halali, ila ni za deni jingine. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, chukua nakala ya hati na risiti hizo uende ofisi ya mapato ya kaunti, uombe taarifa ya kila mwaka inayotenga kodi yenyewe na riba. Ukiiona kwa namna hiyo utajua unabishana na nini.

VAT ndiyo nyepesi kuliko zote. Shemeji amekutisha bure. Anayelazimika kujisajili kwa VAT ni mwenye mauzo ya Sh5 milioni au zaidi kwa mwaka. Wewe, kwa usiku 90, unauza Sh630,000. Hilo liondoe kichwani.

Yaliyobaki tuyahesabu. Ushuru wa utalii, asilimia 2 ya mapato, unaokwenda Hazina ya Utalii: Sh12,600 kwa mwaka. Leseni ya kaunti, tukichukua bei aliyotozwa jirani: Sh15,000. Kodi ya ardhi: Sh9,000. Wafanyakazi wawili, sehemu yako kama mwajiri ni asilimia 6 ya mshahara kwa NSSF na asilimia 1.5 kwa ada ya nyumba za bei nafuu: kama Sh28,800. (Ile asilimia 2.75 ya SHA, bima ya afya, hukatwa kwenye mshahara wao, wewe unaipeleka tu. Lakini usiidharau. Mama wa usafi akilazwa leo na hajachangiwa, ni yeye na jamaa zake watakaochangisha harambee.) Jumla inafika Sh65,400, hapo ada ya TRA haijaingia, na hiyo hutegemea aina na ukubwa wa nyumba.

Ni pesa, sikatai. Ila mtandao unaokuletea wageni, tukichukulia wote wamepitia humo, unakukata Sh94,500 kwa mwaka, na katika barua nzima umeutaja kwa sentensi moja bila hata kunung'unika. Hukasirikii mtandao kwa sababu hukata kabla pesa hazijafika mkononi mwako. Kaunti inakuja baadaye, na karatasi nyekundu, mbele ya wageni. Nakuomba ulitenge hilo la aibu na lile la hesabu, maana aibu ya Jumamosi ile inaweza kukufanya uuze nyumba kwa sababu ambazo hesabu haizijui.

Sasa hesabu yenyewe. Ukitoa cha mtandao unabaki na Sh535,500. Wafanyakazi, stima, maji, bwawa na intaneti ni Sh51,000 kwa mwezi, yaani Sh612,000. Umeshapungukiwa Sh76,500 kabla hujagusa paa. Makuti kando ya bahari, tukisema yanaishi miaka sita, ni Sh50,000 za kuweka kando kila mwaka. Matengenezo madogo Sh50,000 nyingine. Pengo ni Sh176,500, na binti yako anatuma Sh180,000. Umeona? Pesa yake inaziba tundu karibu sawasawa, na kodi hujalipa hata moja. Ukizilipa zote pengo linafika karibu Sh242,000. Ili nyumba ijitegemee kwa bei yako ya sasa ingehitaji usiku 130 hivi kwa mwaka, na zaidi kidogo, kwa kuwa kila mgeni huongeza maji na stima.

Je, usiku 130 unawezekana? Hapo nakwama, kwa sababu sina hakika kwamba usiku ni 90.

Usinielewe vibaya. Umeandika kwamba tokeni ni Sh8,000 kila mwezi, hazipandi hazishuki. Mei, mvua za masika zinamwagika na ufuo mtupu, ni Sh8,000. Desemba, nyumba imejaa na feni hazizimwi, ni Sh8,000. Maelezo yaweza kuwa rahisi kabisa: pampu ya bwawa huzunguka kila siku mgeni awepo asiwepo, na pampu ni mlafi wa stima. Yaweza pia kuwa kuna wageni ambao wewe huwasikii. Wewe mwenyewe umesema wanaopita hulipa kwa simu ya shemeji, naye hutuma akishaondoa matumizi. Matumizi gani, hukuandika, na nahisi hujauliza. Naelewa kwa nini. Ni ndugu wa marehemu, alikuwa nawe siku za tanga, na kumuuliza shemeji habari za pesa kwaonekana kama kumtukana maiti.

Lakini mtazame na yeye alipo. Anafanya kazi ya meneja mchana na usiku, bila mshahara, bila mkataba, katika nyumba ambayo hana fungu ndani yake. Ikiwa anabakisha kitu, huenda kwa macho yake hiyo ni haki yake, wala si wizi. Na huenda habakishi chochote. Katika hali zote mbili kunyamaza kunamweka mahali pabaya. Ungeweza kumwendea kwa njia ya kumpa kitu kabla ya kumwomba hesabu: mshahara unaojulikana, au fungu la kila usiku, kisha pesa zote zipite kwenye namba moja na kila mgeni aandikwe kwenye daftari, tarehe ya kuingia, ya kutoka na alicholipa. Hatari ipo. Anaweza kuudhika akaondoka, na kumpata mwingine wa kulala pale na kuijua nyumba vile ni kazi. Au mshahara wake ukiongezwa kwenye hesabu, utakuonyesha kwamba pengo ni kubwa kuliko tulivyodhani. Lakini hilo litakuwa pengo la kweli.

Kuhusu ushauri wake wa kutojisajili, sitasema hana hoja. Nyumba nyingi kweli hazijasajiliwa, na ukishasajiliwa unatakiwa kupeleka taarifa zako kwa wakati hata mwezi ambao hukulaza mtu. Ni usumbufu kwa mtu wa miaka 61 aliyedhani amestaafu na makaratasi. Lakini yeye anahesabu hatari ya kufungwa tu. Mimi nafikiria mtoto wa mgeni anayeteleza kando ya bwawa. Kampuni ya bima hutafuta sababu ya kutolipa, na biashara isiyo na leseni ni sababu iliyokwisha andaliwa. Atakayeitwa siku hiyo si shemeji.

Na ataitwa nani, dada? Hili umelipita haraka sana katika barua: deni limeandikwa kwa jina la marehemu. Naona mirathi haijafunguliwa.

Unaita nyumba ya mume wangu, na kwa moyo ni hivyo. Kwa sheria, ninyi mkiwa Waislamu nyote na mkikubali kwenda huko, Mahakama ya Kadhi ndiyo hugawa. Mjane mwenye watoto hupata thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Kama wazazi wa marehemu walikwisha tangulia na watoto ni hao watatu uliowataja, saba ya nane zilizobaki hugawanywa mafungu manne: kijana mawili, kila binti moja. Fungu la binti yako wa Doha halifiki robo ya nyumba, naye ndiye anayeziba pengo lote. Kijana anayetaka kuuza ana mara mbili yake na hatoi, angalau kwa barua yako. Sisemi ni dhuluma. Huenda anatoa kwingine. Lakini siku mtakapogawana, binti atataka kujua zile Sh15,000 za kila mwezi zilikuwa zawadi, mkopo au mchango wa nyumba, na kwa sasa hakuna mwenye jibu. Vivyo hivyo pesa zako za chama. Kama kuna daftari la chama, shahidi, hata fundi anayekumbuka nani alimlipa, hayo yaeleze kwa kadhi au wakili kabla ya mgawanyo. Baada ya hapo ni vigumu kuyarudisha.

Mirathi inagusa kila njia uliyonitajia. Walimu wale, kwa mfano. Wakiandika mkataba wa miaka miwili, atakayetia sahihi kama mwenye nyumba ni nani? Tuseme hilo limetengenezwa. Sh35,000 kwa mwezi ni Sh420,000 kwa mwaka. Kodi ya KRA ya nyumba ya kuishi ni asilimia 7.5 ya pango lote kwa anayepata zaidi ya Sh288,000 kwa mwaka, hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na hairuhusu kutoa gharama yoyote, makuti wala mlinzi. Hiyo ni Sh31,500. Stima, maji, bwawa, intaneti na usafi vinakuwa vyao. Ukiondoa mlinzi na michango yake, kodi ya ardhi, akiba ya paa na matengenezo, zinabaki kama Sh47,000 mkononi. Utajiri si huo, ila binti wa Doha anapumzika. Upande wa pili, mama wa usafi anakosa kazi, shemeji anakosa shughuli na labda chumba, na mpangaji akianza kuchelewesha pango hutamtoa kwa siku moja.

Umeuliza Idd mtakwenda wapi. Ruhusa niulize na mimi: Idd na Desemba ndizo siku wageni hulipa vizuri. Tangu mzee afariki, siku hizo mmelala humo ninyi au wamelala wao? Kama jibu ni ninyi, basi lina thamani na lipigwe hesabu yake. Kama jibu ni wao, huenda unachokilinda kimeshaondoka kitambo na hakuna aliyekuambia. Na hawa ni walimu. Shule zikifungwa Desemba wengi huenda kwao bara. Hujawauliza kama wangekubali mkataba wa miezi kumi na moja, Desemba ikabaki yenu, kwa kulipa pungufu. Wanaweza kukataa, maana nani anataka kuhamisha nguo zake kila mwaka ili watoto wa mwenye nyumba waje kuogelea? Kuuliza ni bure.

Kuuza nako hakuwi kesho, hata kijana akileta madalali kumi. Kiwanja cha marehemu hakihamishwi kabla mirathi haijakamilika, na kaunti haitoi cheti cha kutodaiwa mpaka deni lilipwe. Kwenye faida ya mauzo kuna kodi ya asilimia 15. Na bedsita za Nairobi zitatozwa ile ile asilimia 7.5, zina mafundi wao na wapangaji wao wanaohama usiku. Kijana ana haki ya kutaka fungu lake. Ningependa tu kumsikia akisema kama anauza kwa sababu ya hesabu, au kwa sababu amechoka kupigiwa simu kila bawaba inapokatika. Uchovu huo una haki yake pia, ila dawa yake ni nyingine.

Kuna njia moja ambayo hukuitaja, nami naitaja ili tu uione: kuifunga, bila wageni wala wapangaji, ibaki nyumba ya jamaa. Wengi hudhani hiyo ni bure. Mlinzi, kodi ya ardhi na paa peke yake ni Sh275,000 kwa mwaka, zaidi ya pengo mlilo nalo sasa. Maana yake wageni wale, pamoja na uchache wao, wanabeba sehemu ya mzigo. Kinachokula ni nyumba yenyewe kusimama kando ya chumvi, na mtu wa kuilinda. Bwawa nalo lihojiwe. Pampu, dawa, stima: lilichimbwa ili lilete wageni, na katika hesabu zako sioni mahali ambapo limewaleta. (Ukilifukia usije ukamwambia kijana kwamba ni mimi.)

Binti yako anayelia kwenye simu, sidhani kama amewahi kuonyeshwa namba hizi. Ameulizwa kama iuzwe au isiuzwe, na hilo ni swali la kuliza mtu yeyote aliyefiwa na baba. Hajaulizwa kama anaweza kuendelea na Sh15,000 kwa miaka mitano ijayo, na juu yake Sh300,000 za makuti, akijua fungu lake ni lipi. Huenda atasema ndiyo, na ni haki yake. Huenda atapumua. Na yule mdogo asiyesema kitu, mpigie wakati wengine hawapo. Katika familia nyingi anayenyamaza ndiye aliyekwisha piga hesabu.

Tarehe ya walimu ni tarehe ya walimu. Waweza kuwaambia kwamba nyumba ina mambo ya mirathi na utawajibu baadaye; wakiondoka watakuja wengine, au hawatakuja, na hilo utalipima mwenyewe. Mimi jambo moja tu ningelifanya juma hili, kwa kuwa halikufungi kwenye njia yoyote: kwenda kule kaunti na ile karatasi. Waulize kama kuna msamaha wa riba uliotangazwa au unaotarajiwa. Kaunti kadhaa hutoa misamaha hiyo mara kwa mara kwa wanaolipa deni la msingi, nayo huwa na siku ya mwisho, ambayo haitakungojea wewe na shemeji mmalize mazungumzo. Uende na cheti cha kifo pia, maana jina lililo kwenye deni watakuuliza.